Sinema Moja, Matoleo Matano: Blade Runner na Mwendelezo Wake Kwenye Diski

Blade Runner ilianza kuonyeshwa Marekani tarehe 25 Juni 1982, na kwa hesabu za majumba ya sinema ilikuwa imekwisha kabla haijaanza. Wiki mbili nyuma Steven Spielberg alikuwa ameitoa E.T., hadithi ya kiumbe mpole kutoka angani, na familia nzima nzima zilipanga foleni kuiona mara ya pili na ya tatu. Nani angeacha foleni ile akamtazame Harrison Ford, stelingi mcheshi wa Star Wars, akitangatanga usiku kwenye mvua isiyokatika na kumpiga mwanamke risasi ya mgongoni? Sinema iligharimu karibu dola milioni 28. Majumba ya Marekani hayakurudisha faida yoyote ya kusemea.

Leo mtu akiingia dukani, au akiagiza mtandaoni, anaikuta katika diski ya 4K, na kando yake imesimama Blade Runner 2049, mwendelezo uliotoka miaka 35 baadaye. Sinema zilizoanguka msimu ule ni nyingi, na nyingi zimesahaulika kabisa. Hii ilifufuliwa na mkanda, kisha diski, kisha diski nyingine, na kila safari iliyorudi dukani ilirudi na sura tofauti kwa sababu mwenye kauli juu yake alikuwa amebadilika. Ndiyo maana anayetaka kuinunua anahitaji kujua historia yake kwanza.

Mkataba wa 1981

Chanzo ni riwaya ya Philip K. Dick ya mwaka 1968, Do Androids Dream of Electric Sheep?, inayomhusu mwindaji wa watu wa kutengenezwa kiwandani. Hampton Fancher aliandika mswada wa sinema, David Peoples akaufumua na kuushona upya, na mwongozaji akawa Mwingereza Ridley Scott, aliyekuwa ametoka kupata jina kwa Alien ya 1979. Mji wa Los Angeles wa Novemba 2019 ulichorwa na Syd Mead. Picha za magari yanayoruka na majengo marefu kama milima zilisimamiwa na Douglas Trumbull, aliyewahi kumfanyia Stanley Kubrick kazi kwenye 2001: A Space Odyssey.

Kabla kamera haijawashwa, kampuni iliyokuwa imeahidi fedha ilijitoa. Mtayarishaji Michael Deeley alihangaika, akakusanya fedha mahali patatu: The Ladd Company iliyofanya kazi kupitia Warner Bros., tajiri wa sinema wa Hong Kong Run Run Shaw, na Tandem Productions, ambayo wenyewe walikuwa Bud Yorkin na Jerry Perenchio. Hao wawili ndio wa kukumbuka. Walikubali kubeba gharama za ziada endapo bajeti ingepasuka, na mkataba ukawapa haki ya kuichukua sinema mikononi mwao ikitokea hivyo.

Ikatokea. Scott alikuwa mtu wa kurudia tukio moja mara nyingi mpaka moshi ukae anavyotaka, na upigaji picha ulioanza Machi 1981 ulivuka mipaka ya fedha kabla ya kumalizika katikati ya mwaka. Kwa maandishi ya mkataba, neno la mwisho likawa la Yorkin na Perenchio. Scott aliendelea na kazi, lakini kuanzia hapo alikuwa akipika katika jiko la watu.

Denver na Dallas

Machi 1982 kopi ya majaribio ilionyeshwa kwa watazamaji wa kawaida katika miji ya Denver na Dallas. Walitoka wamechanganyikiwa: hadithi haieleweki, mwisho una huzuni. Wenye fedha wakashtuka. Ford aliitwa studio kurekodi sauti ya kusimulia, mhusika wake, mwindaji Deckard, akieleza anachofikiri na mtazamaji anachopaswa kuelewa. Hakuipenda kazi hiyo, na anayesikiliza sauti ile atamwamini. Inasikika kama mtu anayesoma bili ya maji.

Mwisho nao ulibandikwa mpya. Badala ya mlango wa lifti kufunga na hadithi kukatika hapo, Deckard na mpenzi wake Rachael wanaonekana ndani ya gari, jua linawaka, chini yao misitu na milima. Scott hakuwa na picha za milima za kutosha, hivyo aliomba kwa Kubrick mabaki ya picha zilizopigwa kutoka helikopta kwa ajili ya The Shining. Mabaki hayo ya sinema ya kutisha ndiyo yaliyogeuzwa kuwa mwisho wa furaha. Philip K. Dick hakuwahi kuona lolote kati ya hayo likikamilika. Alifariki tarehe 2 Machi mwaka huohuo.

Nje ya Marekani ilienda kopi yenye sekunde chache zaidi za damu na mateso. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo kabisa palikuwa na matoleo matatu: la majaribio, la Marekani na la kimataifa. Mtazamaji wa kawaida hakujua.

Mkanda, na sahani ya fedha

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 deki za kaseti za video zilikuwa zinaingia majumbani kwa kasi, na maduka ya kukodisha mikanda yakichipuka kila mtaa wa Marekani. Blade Runner ilifika huko mapema. Watu ambao hawakutoa hela ya tiketi walitoa hela ndogo ya kukodi, wakaenda nayo nyumbani, na hapo ndipo walipogundua kwamba ni sinema ya kurudiarudia. Ukiitazama mara ya kwanza unafuata hadithi. Ya pili unaanza kusoma mabango ya Kijapani ukutani, kuangalia miavuli yenye vishikio vya taa, na kujiuliza yule mtu anayetupatupa vikaratasi vilivyokunjwa ana maana gani.

Mkanda wenyewe, hata hivyo, uliidhulumu. Picha ya Blade Runner ni pana sana, na televisheni za wakati ule zilikuwa karibu mraba. Wauzaji walikata pande zote mbili ili ijae kwenye kioo. Kwa sinema ya watu wawili wakizungumza mezani, hasara inavumilika. Kwa sinema ambayo nusu ya uhai wake iko pembeni mwa picha, ni kama kuuziwa kitenge kilichokatwa mapindo.

Aliyelitatua hilo ni mchapishaji wa Marekani, Criterion, mwaka 1987. Alitoa toleo la kimataifa katika LaserDisc, sahani ya kung'aa yenye upana wa sentimita 30, na akaacha picha na upana wake wote, mistari myeusi juu na chini. Kulikuwa na seti ya bei kubwa ambamo kila upande wa sahani ulibeba dakika zisizozidi 30. Sinema ya dakika 117 ilimlazimu mtu kuinuka na kugeuza au kubadilisha sahani angalau mara tatu. Faida yake ni kwamba ungeweza kuisimamisha picha moja, ikatulia bila kutetemeka, ukasonga mbele hatua kwa hatua.

Hapo ndipo makosa yalipoanza kuonekana. Zhora, mmoja wa wanaosakwa na Deckard, anapokimbia akipasua vioo vya duka, yule anayevunja vioo si mwigizaji Joanna Cassidy. Ni mwanamke mwingine aliyevaa nywele za bandia, na sura yake inaonekana waziwazi. Gari la polisi linapopaa, nyaya zinazolinyanyua zinaonekana. Roy Batty, kiongozi wao, anapokufa kwenye paa, usiku, mvua ikimiminika, njiwa anayemwachia anarukia anga la buluu la mchana. Na mkuu wa polisi anasema watu wa kutengenezwa waliotoroka ni sita na mmoja ameshakufa, lakini hadithi nzima tunawaona wanne tu wakisakwa. Wapenzi wa sinema hii walizijua kasoro hizo kwa majina, kama mtu anavyojua mabaka kwenye ukuta wa chumba chake.

Mei 1990: kopi isiyotarajiwa

Ukumbi mmoja wa Los Angeles, Fairfax, ulikuwa ukionyesha sinema za zamani za filamu pana ya milimita 70. Ukaletewa kopi ya Blade Runner kutoka ghalani. Taa zikazimwa, sinema ikaanza, na Ford karibu hakusimulia chochote. Mwisho ukafika, hakuna milima. Bila kukusudia, ukumbi ulikuwa umeonyesha ile kopi ya majaribio iliyokataliwa Denver na Dallas miaka minane nyuma.

Habari zilienea. Mwaka 1991 kopi hiyo ilionyeshwa katika ukumbi wa NuArt huko Los Angeles na Castro huko San Francisco, na watu wakajaa mpaka Warner Bros. ikatambua kwamba ghalani mwake mna mali. Scott alisema ile ni kazi isiyomalizika na hataki ipewe jina lake. Basi ikaamuliwa litengenezwe toleo la mwongozaji, haraka haraka, kwa kufuata maelekezo yake. Lilitoka Septemba 1992. Sauti ya kusimulia iliondolewa, milima ikaondolewa, na kipande kifupi cha Deckard akiota farasi mwenye pembe moja kikaingizwa.

Kipande hicho ni cha sekunde chache, lakini kinapindua hadithi. Mwishoni kabisa polisi mwenzake, yule wa vikaratasi, anamwachia Deckard mlangoni kikaratasi kilichokunjwa kwa umbo la farasi huyohuyo. Amejuaje anachoota? Tangu 1992 mtazamaji analazimika kujiuliza kama mwindaji naye hakutengenezwa kiwandani. Scott anasema ndiyo, ametengenezwa. Ford kwa miaka mingi alishikilia kwamba ni binadamu. Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza sinema katika orodha ya kazi za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Kwa sinema iliyofukuzwa na E.T., si haba.

DVD, na dunia iliyogawanywa kanda

DVD iliingia sokoni Marekani Machi 1997, na Warner iliiweka Blade Runner, toleo la mwongozaji, katika kundi la kwanza kabisa la sinema zake. Kuwa wa kwanza kuna gharama. Picha ilikuwa hafifu kwa vipimo vya DVD zilizokuja baadaye, na hapakuwa na nyongeza yoyote, hata mahojiano ya dakika tano. Ilibaki hivyo kwa takriban miaka kumi, huku sinema ndogo kuliko hiyo zikipata seti za kifahari.

DVD ilileta pia jambo linalotuhusu sisi moja kwa moja. Studio ziliigawa dunia kwa namba ili diski ya nchi moja isichezwe katika deki ya nchi nyingine. Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Ulaya Magharibi, Japani na nchi za Ghuba kama Oman ni ya 2. Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo tumewekwa ya 5. Ndugu aliyeko Minnesota akikutumia DVD halali aliyoinunua dukani, deki halali inaikataa. Deki nyingi za bei nafuu zilizojaa masoko yetu hazikujali namba hizo, na nadhani hilo lilitusaidia kuliko mwenye studio angependa kusikia. Ukweli mwingine ni kwamba wengi wetu wakati ule tulitazama VCD na DVD za kunakiliwa, sinema kumi au ishirini zimesindiliwa kwenye diski moja. Humo Blade Runner haikuwa na nafasi kubwa. Vibanda vya video viliishi kwa mapigano, na Deckard hupigwa mara nyingi kuliko anavyopiga.

Miaka saba ya kusubiri

Mwaka 2000 Scott alianza kuandaa toleo analolitaka yeye mwenyewe, bila haraka, akisaidiwa na mtayarishaji Charles de Lauzirika. Kazi ilikwama mwaka uliofuata kwa sababu ya mkataba uleule wa 1981. Haki za sinema zilikuwa bado na wale waliobeba gharama za ziada, na Warner haikuweza kuafikiana nao, hasa Perenchio. Miaka ikapita, filamu ghalani, fundi amekaa.

Makubaliano yalipatikana mwaka 2006. Negativu asili zilisafishwa na kuingizwa kwenye kompyuta kwa ubora wa 4K, na picha za magari na majengo, zilizopigwa kwenye filamu pana zaidi, kwa ubora wa 8K. Kisha zikaja zile kasoro. Nyaya za gari zikafutwa. Njiwa akapewa anga la usiku. Idadi ya waliotoroka ikasawazishwa kwa kubadilisha neno moja. Joanna Cassidy, miaka 25 baadaye, aliitwa studio, akapigwa picha akigeuza kichwa kama yule mwanamke wa vioo alivyogeuza, na sura yake ikapandikizwa juu ya mwili wa mwenzake. Palikuwa pia na mazungumzo ambamo midomo ya Ford haikulingana na maneno; alipigwa picha mtoto wake, Ben, na kidevu cha mwana kikapachikwa usoni mwa baba.

Toleo hilo, The Final Cut, lilizinduliwa katika tamasha la Venice Septemba 2007, na tarehe 18 Desemba likaingia madukani Marekani. Seti kubwa ilikuja katika kasha la mfano wa mkoba wa Deckard, na diski tano ndani: toleo la majaribio, la Marekani, la kimataifa, la mwongozaji, na hili la mwisho, pamoja na Dangerous Days, filamu ya kumbukumbu ya saa tatu na nusu kuhusu utengenezaji wake. Kwangu mimi hakuna sinema iliyowahi kutendewa haki hivi kwenye diski. Makosa yote na wakosaji wote waliwekwa wazi mezani, mnunuzi ajiamulie.

Wiki tisa za HD DVD

Palikuwa na mtego. Mwaka huo kampuni za vifaa zilikuwa zinagombania mrithi wa DVD: Sony na wenzake walikuwa na Blu-ray, Toshiba na wenzake HD DVD. Warner iliuza pande zote mbili, na ile seti ya mkoba ikatolewa kwa namna zote. Aliyemnunulia mumewe seti ya HD DVD kwa Krismasi alikuwa na sababu nzuri tu. Mashine zake zilikuwa rahisi zaidi. Tarehe 4 Januari 2008 Warner ilitangaza kwamba inahamia Blu-ray peke yake. Tarehe 19 Februari Toshiba ikasalimu amri. Seti iliyonunuliwa Desemba ilibaki bila mrithi kabla ya mwezi wa tatu kuanza, na mashine yake ikiharibika leo, mbadala ni wa kutafuta kwa wauza vitu vya zamani.

Mwendelezo

Haki ya kutengeneza sinema ya pili nayo ilikuwa kwa Bud Yorkin. Mwaka 2011 kampuni ya Alcon Entertainment iliinunua, na jina la Yorkin likabaki kwenye orodha ya watayarishaji hata baada ya kufariki mwaka 2015. Fancher, mzee sasa, alirudi kuandika, pamoja na Michael Green. Scott alikuwa mtayarishaji mtendaji, na kiti cha mwongozaji akapewa Mkanada Denis Villeneuve. Picha zilipigwa Hungaria mwaka 2016.

Villeneuve alikuwa na tatizo ambalo waongozaji wachache wamelikuta: mwendelezo wa toleo lipi? Kuna watazamaji waliokulia kwenye sauti ya Ford na milima ya Kubrick, na wengine kwenye farasi wa ndotoni. Alilikwepa swali kwa ustadi. Deckard anarudi, amezeeka, anaishi peke yake katika magofu ya Las Vegas, na saa mbili na dakika 43 zinapita bila mtu kuthibitisha yeye ni nini.

Blade Runner 2049 ilitoka tarehe 6 Oktoba 2017 na ikarudia historia ya mama yake: sifa nyingi, tiketi chache. Iligharimu zaidi ya dola milioni 150, na mapato ya dunia nzima hayakutosha. Mpiga picha Roger Deakins alipata Oscar yake ya kwanza Machi 2018, baada ya kuteuliwa mara 13 bila kushinda. Mwezi mmoja kabla ya mwendelezo kutoka, Warner ilikuwa imeichapisha The Final Cut upya katika diski ya 4K, na 2049 yenyewe ilifika kwenye diski mapema 2018, ikiwa na filamu fupi tatu zinazoziba miaka kati ya hadithi hizi mbili. Marekani ya Kaskazini mwuzaji ni Warner, kwingine Sony, ndiyo maana makasha mawili ya ndugu hawa mara nyingi hayafanani mgongoni.

Ukienda kununua

Diski ya 4K haina kanda, hivyo ile ya Marekani inacheza hapa bila ugomvi, mradi una mashine ya 4K. Blu-ray ya kawaida ina kanda tatu, na Afrika Mashariki tuko B pamoja na Ulaya na Ghuba, wakati Marekani ni A. Mashine zenyewe zinapungua: Samsung iliacha kuzitengeneza mwaka 2019, na LG nayo ikafuata. Kwenye huduma za mtandaoni sinema huwekwa na kuondolewa bila mtu kukuuliza, na ukipewa toleo moja huna njia ya kulilinganisha na mengine.

Mwenye fedha za diski mbili tu achukue The Final Cut na 2049, katika 4K ikiwezekana. Akiona kwa wauza vitu vya mtumba seti ya Blu-ray ya 2007 yenye matoleo yote matano, asibishane sana na bei. Ila kasha likiwa limeandikwa Blade Runner tu, na mgongoni halisemi ni toleo lipi, lirudishe rafuni.